Bloki ndo inaamua: majibu ya maswali yenu kuhusu injini za magari ya zamani

Safari hii barua karibu zote zimekuja na swali moja lenye sura tofauti tofauti: gari la zamani, injini imechoka, je niifanyie ovaholi hii hii, yaani niifungue yote niifufue, au nitafute nyingine niweke? Nimechagua sita. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ukiielewa hiyo, zingine zinakuwa nyepesi.

Fundi habari za kazi. Nina Peugeot 504 ya petroli, injini ya lita 2.0, nimeachiwa na mzee wangu. Inatoa moshi wa bluu, inakula oili na mlimani haina nguvu tena. Fundi anayenitengenezea anasema injini imekufa, tuing'oe tuweke ya kisasa ya injeksheni maana spea za hii ni shida. Roho inaniuma. Nifanyeje?

Nzuri ndugu yangu, na nakuelewa kabisa, gari la mzazi sio chuma tu. Lakini tusiamue kwa uchungu wala tusiamue kwa moshi, tuamue kwa vipimo. Moshi wa bluu unasema oili inaungua, basi, hausemi imepitia wapi. Wewe angalia unatoka saa ngapi. Kama unawasha asubuhi linapuliza wingu moja halafu linaacha, au unashuka mlima mrefu umeachia mafuta na ukikanyaga tena ndo unatoka, hapo mara nyingi oili inashukia juu, valvu gaidi zimelegea, na hiyo ni kazi ya kichwa cha injini peke yake, chini huna haja ya kugusa. Kama unatoka muda wote ukikanyaga mafuta na gari lina mzigo, basi tunashuka kwenye ringi, zile pete za pistoni, na silinda.

Halafu pima kompresheni, yaani presha ambayo pistoni inaibana ndani ya silinda. Injini iwe ya moto, plagi zote nne nje, umeme wa koili umechomolewa, mtu akanyage mafuta hadi mwisho ili kabureta iwe wazi, piga stata mpaka mshale wa geji ugome kupanda, andika namba ya kila silinda. Mimi naangalia tofauti kati ya silinda na silinda kuliko namba yenyewe, maana geji mbili hazisomi sawa; moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 15 hivi kuna jambo. Kwenye hiyo iliyo chini mimina kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi, upime tena. Ikipanda ni ringi, oili imeziba mwanya kwa muda. Isipopanda ni valvu au gasketi ya silinda hedi. Sasa injini ya 504 ya petroli imelazwa upande, oili inaweza kukimbilia sehemu moja ikakudanganya, kwahiyo usiishie hapo, fanya na kipimo cha upepo: pistoni iwe juu kabisa valvu zote zimefungwa, mtu ashikilie krenki, shafti kuu inayozungushwa na pistoni, isizunguke, unaingiza upepo wa kompresa kwenye tundu la plagi kisha unatega sikio. Ukisikia unatokea kwenye ekzosi ni valvu ya ekzosi, kwenye kabureta ni valvu ya kuingizia, kwenye mfuniko wa oili ni ringi, na ukiona rejeta inatoa mapovu ni gasketi au kuna ufa. Kipimo hiki mafundi wengi wanakiruka na sijui kwa nini, kinakuonyesha kidole kabisa ugonjwa ulipo kabla hujafungua nati hata moja.

La mwisho kabla ya kufungua ni presha ya oili. Usiiamini taa ya dashibodi, funga geji ya kweli kwenye tundu la swichi ya oili, injini iwe imechemka vizuri. Kipimo cha wazee ni kama psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 ya injini kwa dakika. Ikiwa chini sana ya hapo na kuna mlio mzito wa kugonga ukivuta mzigo, beringi za konrodi, vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki, zinakuaga na ukiendelea kuendesha utaua krenki, na krenki ndo hasara yenyewe.

Maana ukweli wa jambo zima ni huu: kinachoamua kama injini inafufuka ni vyuma viwili, bloki, yaani mwili wenyewe wa injini, na krenki. Pistoni, ringi, beringi, valvu, cheni, pampu ya oili, vyote hivyo ni vya kubadilisha, vilitengenezwa viishe. Bloki ikiwa haina ufa na krenki ikiwa bado inachongeka kwenda saizi inayofuata, kwa kawaida robo milimita au nusu milimita chini, injini yako haijafa, imechakaa, na hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa.

Na hapa 504 yako ina bahati ambayo naona hujaambiwa. Ile injini ya cc 1971 silinda zake hazijachongwa ndani ya bloki, ni slivu, yaani mabomba ya chuma yanayochomekwa, na maji ya rejeta yanazipita kwa nje. Ukinunua seti ya slivu na pistoni na ringi zake, ukatoa za zamani ukachomeka mpya, umepata silinda mpya za milimita 88 bila kupeleka bloki kuchongwa. Injini nyingi za rika lake ungelazimika kuchonga silinda zipanuke na kutafuta pistoni kubwa zaidi, na ukishachonga mara tatu nne chuma kinakuwa chembamba hakuna tena pa kwenda. Cha kuangalia wewe ni pale chini slivu inapokalia kwenye bloki, kama gari lilitembea miaka mingi na maji matupu bila kulanti pale panaliwa na kutu, na juu mdomo wa slivu lazima uchomoze kidogo sana kupita uso wa bloki, kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari, usipochomoza gasketi ya hedi haitabana na utairudia kazi. Tena mwambie fundi, akishang'oa hedi asizungushe krenki kabla hajazibana slivu, zikinyanyuka tu sili za chini zinaachia na maji yanaingia kwenye sampu, trei ya oili chini ya injini.

Kuhusu kuweka injini ya injeksheni, sisemi haiwezekani, nasema iandikwe yote kwenye karatasi kabla ya kukubali. Injini ikiingia inataka maunti mpya za kuchomelea, gia boksi yake au sahani ya kuiunganisha na gia boksi ya zamani, propela ya urefu mwingine, ekzosi mpya, rejeta inayotosha, kompyuta na waya zake zote, pampu ya mafuta ya presha kubwa wakati paipu zako zilitengenezwa kwa presha ndogo ya kabureta, geji za dashibodi ambazo hazitaongea na sensa mpya, na ikiwa nguvu imeongezeka basi na breki nazo. Kila kimoja ni kidogo, ila gari nyingi za namna hii zinakaa juu ya mawe miaka kwa sababu ya hivyo vidogo. Na hiyo ya spea ni shida, hapana, 504 ilitoka 1968, ikawa Gari la Mwaka la Ulaya 1969, na Nigeria waliendelea kuiunganisha hadi miaka ya 2000, gari lililotengenezwa muda mrefu hivyo spea zake bado zipo, unaagiza tu na kusubiri. Pima kwanza, na kama bloki na krenki ni wazima, ifufue hiyo hiyo.

Kaka, mimi yangu ni Land Rover Series III ya petroli, konrodi ilikatika ikatoboa bloki, tundu linaingia ngumi. Kuna mtu anasema anaweza kuchomelea. Nimwachie?

Usimwachie. Chuma cha bloki ni cha kumwaga, kinachomeleka kwa shida na kwa joto linalodhibitiwa sana, na hata ukiziba tundu hujui bloki imepinda kiasi gani ndani pale beringi za krenki zinapokaa. Kuna mafundi wa kushona nyufa za bloki kwa pini bila moto, kazi nzuri hiyo, naiheshimu, lakini ni ya ufa, na ya injini ambayo haipatikani nyingine duniani. Yako inapatikana.

Kwahiyo wewe jibu lako ni kubadilisha, na hapo chagua injini ya ukoo ule ule. Ile ya cc 2286 ilikuwa na beringi kubwa tatu za krenki hadi 1980 ilipokuja ya beringi tano, kwa nje zinafanana na inakaa pale pale, kwahiyo ukipata ya beringi tano iliyo nzima umepata injini imara kuliko uliyopoteza na mtu akifungua boneti bado anaona Land Rover yenyewe. Wengi wanaweka dizeli ya 200Tdi iliyokuja 1989 na kweli inafungika kwenye gia boksi ya zamani kwa kazi kidogo kuliko injini ya ukoo mwingine, gari linakuwa na nguvu na linakunywa kidogo, ila vijiti vya ekseli na gia boksi ya Series havikutengenezwa kwa nguvu ile, ukiendesha kwa fujo utavivunja, na breki za dramu lazima uzipe heshima.

Injini ya mtumba usiinunue ikiwa chini sakafuni imepakwa rangi. Omba uisikie ikiwaka, na ikishindikana basi fungua sampu, toa kifuniko kimoja cha beringi uangalie, zungusha kwa mkono, mulika ndani ya silinda. Muuzaji akikataa ufungue, achana naye. Na hata ukiipata nzuri, kabla haijaingia kwenye gari badilisha sili za oili mbele na nyuma, klachi, pampu ya maji na gasketi za sampu, kwa sababu sasa hivi unafikia kila kitu na kesho hutafikia.

Shikamoo fundi. Mercedes 240D ya baba asubuhi haiwaki mpaka isukumwe, ikishachemka iko vizuri. Tumeambiwa kompresheni imekwisha, tuuze injini kama chuma chakavu. Ni kweli?

Marahaba mwanangu. Inawezekana ni kweli, lakini kuna vitu vitatu vya kuangalia kabla ya kuhukumu. Plagi za kupasha moto, zipime moja moja. Halafu nafasi za valvu: injini hiyo ya OM616 haina tapeti za kujirekebisha, nafasi zinarekebishwa kwa spana na jinsi miaka inavyokwenda zinabana, valvu inakuwa haifungi sawasawa, kompresheni inashuka na dizeli bila kompresheni haiwaki ikiwa ya baridi. Mtu akipima kompresheni kabla ya kurekebisha valvu amepima uongo. Tatu angalia kama cheni ya taimingi imerefuka. Rekebisha hivyo kwanza ndo upime, na tumia geji ya dizeli, ya petroli haivumilii presha ile. Zimefukuzwa injini nyingi sana za aina hii zikiwa na miaka mingi mbele yake.

Nina Beetle ya 1600, injini inavuja oili nyuma na pulei ya chini ukiivuta inacheza kwa macho kabisa. Nibadilishe pistoni na silinda niendelee?

Hapana, hapo utakuwa umetibu mguu na anayeumwa ni mgongo. Pistoni na silinda za Beetle kweli ni rahisi, kila silinda inatoka peke yake, na ndo maana watu wanakimbilia hapo. Lakini huo mchezo wa pulei ni krenki inakwenda mbele na nyuma ndani ya krenkikesi, kasha la injini linaloishika. Inatakiwa kuwa milimita 0.07 hadi 0.13 na ikifika 0.15 imepita kikomo, na hicho kipimo kinachukuliwa kwa daya geji, ile geji ya mshale inayopima mwendo mdogo sana, sio macho, kwahiyo kama wewe unauona kwa macho umeshapita mbali sana.

Krenkikesi yake ni ya aloi ya magnesiamu, chuma laini, na beringi zikilegea zinagonga kuta zake mpaka matundu yanakuwa sio duara tena. Mashine ya kuchonga matundu yote kwa mstari mmoja inaweza kuokoa, unaweka beringi za saizi ya juu. Ikiwa imeshachongwa kabla na hakuna beringi ya saizi inayofuata, au kuna ufa nyuma ya silinda ya 3, nunua krenkikesi mpya, bado zinatengenezwa, na uhamishie humo krenki yako kama ni nzima. Na kipoza oili, ile rejeta ndogo ya oili iliyosimama juu ya injini, itupe uweke mpya, chembe za chuma za beringi zilizokufa zinajificha mule ndani huzioni, unaosha unaona safi, injini mpya ikichemka zinatoka zote kwa pamoja.

MGB yangu ya 1966 ina namba ya injini inayolingana na kadi. Injini imechoka na nimepata nyingine ya MGB hiyo hiyo, nzima, ya miaka ya baadaye. Nikiiweka nimeharibu gari?

Hujaharibu, ila usiitupe ya kwanza. Hilo ndo jibu langu na nalisema kwa msisitizo kwa sababu naona watu wanaacha injini ya asili kwa fundi kama malipo ya kazi, kisha baada ya miaka wanazunguka kuitafuta. Iweke oili ndani ya silinda, ziba matundu yote, ifunge kwa nailoni, iinue kutoka sakafuni, andika namba yake na picha uweke pamoja na karatasi za gari. Siku ukitaka kuuza, mnunuzi anayejua atalipa zaidi kwa gari lenye injini yake ikiwa pembeni kuliko lisilo nayo kabisa. FIVA, lile shirikisho la kimataifa la magari ya kale lililoanzishwa 1966, ina hati yake ya kanuni iitwayo Hati ya Turin na wazo lake kubwa ni hilo hilo, ukilazimika kubadilisha kitu kwenye gari la kihistoria basi kibadilishwe kwa namna inayoweza kurudishwa. Injini inayokaa kwenye maunti zile zile bila kukata chesisi inarudishika. Ukishakata, umekata. Na kabla ya kufunga ulizia sheria ya usajili ya unapoishi, sehemu nyingine namba ya injini ikibadilika lazima kadi nayo ibadilishwe.

Lakini mimi ningekuwa wewe ningeifufua hiyo ya asili polepole pembeni huku unatembelea nyingine. Injini ya cc 1798 ya mwaka huo ina beringi tano za krenki, ni ngumu, inachongeka vizuri. Na ikiwa imefunguka, kichwa chake ni cha chuma na viti vya valvu vimekatwa humo humo kwenye chuma cha kichwa. Zamani risasi iliyokuwa kwenye petroli ndo ilikuwa inavilinda, na petroli ya risasi kwa magari ya barabarani ilimalizika duniani Julai 2021 Algeria walipoacha kuiuza. Weka viti vigumu upande wa ekzosi wakati kichwa kiko mezani, bila hivyo ukikimbiza gari mwendo mrefu valvu zitakuwa zinazama taratibu na nafasi zinabana, ile habari ya Mercedes hapo juu.

Fundi, ovaholi imekamilika, krenki imechongwa, pistoni mpya, kemshafti mpya na tapeti mpya. Nimeambiwa niiwashe niiache saylensa, yaani ingurume bila kukanyaga mafuta, wiki nzima ijizoeze. Sawa?

Sio sawa kabisa, na nakuomba usiiwashe kabla hujasoma hapa. Injini mpya inauliwa na mambo mawili, uchafu na dakika za mwanzo. Uliza kama krenki baada ya kuchongwa iliondolewa vizibo na njia zake za oili zikasuguliwa kwa brashi, unga wa jiwe la kuchongea ukibaki mule unasaga beringi mpya zote. Uliza kama mianya ya ringi ilipimwa ndani ya silinda yenyewe, wastani ni kama milimita 0.1 kwa kila milimita 25 za upana wa silinda, ikibana sana ringi ikipata moto ncha zinakutana na kukwaruza silinda. Kama hayo hayajulikani, bora ufungue sasa.

Kisha jaza oili, toa plagi, piga stata mpaka geji ya presha ya oili ipande, ndo urudishe plagi uwashe. Ikishika usiiache saylensa. Kemshafti mpya, ile shafti inayofungua valvu, yenye tapeti za bapa inapata oili ya kurushiwa na krenki, mwendo mdogo oili hairushwi ya kutosha, kwahiyo ipeleke moja kwa moja mizunguko 2,000 hivi uiweke hapo ukiipandisha na kuishusha kidogo kwa dakika 20, na oili iwe yenye zinki ya kutosha, ile ya magari ya zamani, maana oili nyingi za kisasa zimepunguzwa zinki ili kulinda ekzosi za magari mapya. Wakati huo macho kwenye geji ya moto na ya oili, na kama maji yanavuja zima kwanza.

Ringi nazo zinataka mzigo. Ukimaliza zile dakika 20 mwaga oili, badilisha na filta, halafu nenda barabarani, kanyaga mafuta kwa nguvu ya wastani ukiwa gia ya juu, achia gari lirudi lenyewe, kanyaga tena, rudia rudia. Presha ya moshi ndo inasukuma ringi zibane ukuta wa silinda, na injini iliyolelewa kwa saylensa kuta zake zinang'aa kama kioo na ringi hazikai tena, inakula oili kuanzia siku ya kwanza. Usivute trela, usikae mwendo mmoja muda mrefu, usifike mizunguko ya juu kabisa. Ukifika kilomita 500 mwaga oili tena, kaza boliti za silinda hedi kwa spana ya toku ikiwa aina ya gasketi yako inataka hivyo, pima nafasi za valvu upya. Chembe chache ndogo kwenye oili ya mara ya kwanza ni kawaida. Ukiona vipande vya rangi ya shaba, zima gari na umpigie aliyeifunga.